Usipande Kilimani

Basi la Mpwapwa limeingia saa nane
na majivu kwenye kioo cha mbele.
Konda akayapangusa kwa kiganja,
akasema, "Igongo inawaka tangu juzi,"
kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.
Akanipa mzigo wangu: mlenda mkavu wa mama,
umelala stendi ya kule tangu Alhamisi,
kwa hiyo hauna habari yoyote.

Nimerudi kwenye cherehani.
Sare ishirini na nne, mwenyewe anazitaka Jumatatu.
Nimeshona mfuko juu chini,
nikaufumua,
nikaushona tena juu chini.

Naijua Igongo.
Nyasi zake za mwezi wa kumi
hulia chini ya kiatu kama karatasi,
na upepo wa huko hauna ahadi:
asubuhi unaaga unakwenda Kibakwe,
mchana unakuta umeshageuka, uko mlangoni kwako.

Kwa mama kuna nyumba mbili.
Ya bati, niliyoijenga kwa vifungo na pindo,
ina jiko la nyasi limeegemea ukuta.
Ya tembe, aliyoacha babu, paa lake ni udongo,
na mama yumo humo, namjua,
amekalia kigoda, kuku amewafunga miguu,
anawauliza majirani wanaomvuta mkono:
"Udongo uliungua lini?"
Haujaungua, mama.
Na moshi je?

Nampigia Ndahani.
Simu unayopiga haipatikani kwa sasa.
Nampigia mkewe. Haipatikani.
Nampigia mwalimu Chilewa, mwenye deni langu la suruali,
ambaye siku zote huniona nikipiga na hapokei;
leo ningemsamehe suruali na shati
kwa "haloo" moja tu.
Haipatikani.

Taa zimewaka Barabara ya Tisa,
muuza karanga amekunja karatasi zake,
ndipo nikakumbuka mtandao wa kwetu unakaa wapi.
Haukai uani. Haukai kisimani.
Unakaa juu, kwenye kichuguu cha Igongo,
uelekee machweo, mkono uunyooshe,
mistari miwili, ukibahatika mitatu.
Kila "shikamoo dada" ya Ndahani,
ya ng'ombe kuzaa, ya mtoto kuota meno,
ya "nirushie elfu tano, nitarudisha",
aliipandia kilima.
Kilima hichohicho.

Tangu mchana nilikuwa naomba: Mola, simu iite.
Sasa naigeuza dua
kama kitambaa nilichokata upande usio wake:
isiite, Mola, isiite.

Ndahani, usipande.
Usinitoe wasiwasi.
Teremka korongoni na ng'ombe, kwenye mchanga mtupu,
lowesha blanketi lile la kijivu,
mbebe mama hata akikutukana,
mbebe na kigoda chake.
Na jambo moja sitakuuliza,
leo wala siku ya kukutana:
uliniambia mzinga wa juu umejaa.
Sitauliza nani alikwenda kurina usiku wa Jumamosi,
wala mwenge aliuzimia wapi.

Saa nne usiku simu imetikisika juu ya meza.
Moyo ulifika kabla ya mkono.
Ni kampuni: kifurushi changu kimekwisha.
Nimesema asante,
kwa sauti, kwa mashine, peke yangu kibandani.

Kisha nimefungua mzigo wa mlenda.
Unanuka moshi.
Nimeinusa mara tatu, pua ndani ya mfuko,
kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji:
huu ni moshi wa jikoni kwake,
ni wa jikoni,
nadhani ni wa jikoni.